KOSA LA DEREVA, AU KOSA LA SWICHI YA KLACHI?

Habari kutoka Uganda



Katika mashamba na viwanda vyetu, gari likiharibika mtu wa kwanza kuulizwa ni dereva. Gari likigonga, mtu wa kwanza kuandikiwa barua ni dereva. Mara nyingine ni haki, kwa kuwa yeye ndiye aliyekabidhiwa ufunguo. Lakini mara nyingine kosa limejificha mahali ambapo hakuna mtu aliyetazama, na barua imekwisha kupigwa chapa kabla gari halijafunguliwa.

Leo nataka kuwaeleza habari ya kitu kidogo kinachokaa juu ya pedeli ya klachi. Mwaka 2022, katika shamba moja la chai magharibi mwa Uganda, kitu hicho kiliondolewa kazini na waya mmoja. Mama mmoja mchumaji akavunjika mguu, na dereva mwanachama wetu akakaribia kupoteza kazi. Naeleza kwa kirefu ili madereva wajue namna ya kukichunguza, na wawakilishi wa matawi wajue la kuuliza siku watakapoitwa katika kikao kama kile.

MAMBO YALIVYOTOKEA

Shamba lenyewe liko milimani. Pikapu ya dizeli, ya gia za mkono, hupeleka karani na mizani mahali pa kupimia majani. Siku ile, yapata saa nane mchana, pikapu ilisimama mbele ya banda la kupimia. Breki yake ya mkono ilikuwa dhaifu, na jambo hilo lilikuwa limeandikwa zaidi ya mara moja katika daftari la gari. Basi dereva akafanya kama wafanyavyo madereva wa milimani: alizima injini akaiacha pikapu ndani ya gia ya kwanza ili isiteremke.

Mvua ikaanza. Vioo vya pikapu hiyo ni vya umeme, na vilikuwa wazi. Dereva akafungua mlango, na huku amesimama chini akaingiza mkono, akazungusha ufunguo ili apandishe vioo. Mkono ukapitiliza. Stata ikazunguka, pikapu ikaruka mbele kama mita moja, ikamgonga mama aliyekuwa ameinama akifunga gunia lake. Mfupa ukavunjika chini ya goti.

Kesho yake dereva alisimamishwa kazi. Barua ilimshitaki kwa uzembe na kwa kuwasha gari bila kukanyaga klachi. Tena ilisema kwamba gharama za hospitali na za kutengeneza gari zitakatwa katika mshahara wake, na kwamba ataitwa kikaoni baada ya siku tano.

Jioni alinijia nyumbani na barua yake mkononi. Aliniambia, "Ndugu Katibu, mimi sikatai kwamba nilizungusha ufunguo. Lakini gari hili haliwaki bila kukanyaga klachi. Nimeliendesha miaka minne. Ukizungusha ufunguo bila kukanyaga, halikohoi hata kidogo. Siku ile liliwakaje?"

Katika swali hilo ndimo ilimokuwa kesi nzima.

SWICHI HIYO NI KITU GANI

Malori ya zamani hayakuwa na kitu hiki. Ukizungusha ufunguo gari likiwa ndani ya gia, linaruka. Watu wengi waliumia hivyo, wengine wakiwa wamesimama mbele ya magari yao wenyewe. Ndiyo sababu watengenezaji wakaweka swichi kwenye pedeli ya klachi. Umeme wa kuamsha stata hupita katika swichi hiyo, au kompyuta ya gari huitazama kwanza kabla ya kuruhusu stata. Pedeli ikikanyagwa mpaka mwisho, swichi inafunga njia ya umeme na stata inazunguka. Pedeli isipokanyagwa, njia ni wazi na stata haipati kitu. Maana yake ni kwamba hata dereva akisahau gia, injini imetengana na magurudumu wakati wa kuwasha.

Kwa hiyo swichi hii ni kinga, sawa na kile kifuniko cha chuma kinachofunika mkanda wa mashine kiwandani. Haikuwekwa ili imsumbue mtu.

Magari mengi yana swichi ya pili, nayo iko juu, mahali pedeli inapopumzika. Hiyo inaiambia kompyuta kwamba dereva ameanza kukanyaga. Kompyuta inatumia habari hiyo kupunguza mafuta wakati wa kubadili gia, na katika magari yenye mtambo wa kushika mwendo wenyewe, kuuachisha mtambo huo mara klachi inapoguswa.

Katika magari ya siku hizi, mahali pa swichi ya kubonyeza pengine pamewekwa sensa ya sumaku, ambayo mara nyingine hufungwa kwenye silinda ya klachi. Haina kitufe. Inahisi sumaku inavyosogea pedeli inapokwenda chini, na inapeleka habari kwa kompyuta. Kazi ni ile ile, lakini kuipima ni tofauti, nami nitaieleza mbele.

TULIVYOCHUNGUZA

Kabla ya yote niliomba daftari la gari. Ndugu zangu, daftari la gari ni shahidi asiyepokea vitisho. Siku kumi na tatu kabla ya ajali, dereva alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Asubuhi gari limekataa kuwaka. Nimekanyaga klachi mpaka mwisho, taa zinawaka vizuri, stata kimya. Limesukumwa likawaka." Chini yake gereji ya shamba iliandika neno moja tu: "Limetengenezwa." Haikusema kilichoharibika, wala kilichobadilishwa.

Tuliandika barua kwa meneja kuomba pikapu isiguswe mpaka ikaguliwe mbele ya pande zote mbili. Namshukuru meneja kwamba alikubali. Tulimwita fundi wa umeme wa magari kutoka mjini. Palikuwa na mwakilishi wa utawala, fundi wa gereji ya shamba, dereva, na mimi. Gari liliwekwa vigingi mbele na nyuma ya magurudumu, gia ikatiwa nyutro, na watu wote wakaambiwa wakae kando.

Fundi alilala chali chini ya usukani na tochi. Baada ya muda mfupi akatuita. Waya mbili za swichi ya klachi zilikuwa zimechomolewa kwenye soketi yake, zikasokotwa pamoja na kufungwa kwa utepe mweusi. Kwa lugha ya gereji, zilikuwa zimeungwa dairekti. Kwa sababu hiyo stata iliamini siku zote kwamba klachi imekanyagwa, hata kama hakuna mtu ndani ya gari. Tulipiga picha kwa simu kabla kitu chochote hakijaguswa.

Fundi akazitenganisha zile waya, akazirudisha kwenye soketi, akaichomeka katika swichi. Akamwambia dereva akanyage klachi na kuzungusha ufunguo. Kimya. Lilikuwa limerudi kwenye ugonjwa wake wa mwanzo. Akamwambia aachie pedeli, kisha yeye mwenyewe akabonyeza kitufe cha swichi kwa kidole. Dereva akazungusha ufunguo, stata ikaitika mara moja.

Tukatazamana. Maana yake swichi ilikuwa nzima! Tangu mwanzo haikuwa imekufa. Sasa kwa nini pedeli iliposhuka haikuibonyeza?

Akatuonyesha mkono wa pedeli. Mahali panapogusana na kitufe pana tundu, na ndani ya tundu hukaa kizibo kidogo cha plastiki. Kizibo hicho ndicho kinachosukuma kitufe. Kwa joto na miaka plastiki hukauka, ikapasuka na kuanguka. Tundu likibaki tupu, kitufe kinaingia ndani ya tundu, na pedeli inashuka mpaka sakafuni bila swichi kubonyezwa. Fundi akainua zulia la dereva, na hapo tukaviona vipande vitatu vya plastiki, vidogo kama punje za mchele uliovunjika. Tukavitia katika bahasha, tukaandika tarehe, na kila aliyekuwapo akatia sahihi.

Siku hiyo hiyo fundi alipitisha bolti fupi yenye kichwa bapa katika tundu lile, akaikaza kwa nati kwa nyuma. Swichi ikaanza kufanya kazi yake kama kawaida, ikisubiri kizibo kipya. Gharama ilikuwa bolti moja na nati moja.

WANACHAMA WAWILI

Hapa nataka kusema jambo ambalo lilinikosesha usingizi. Aliyeziunga zile waya alikuwa fundi wa gereji ya shamba, naye pia ni mwanachama wetu, analipa ada kila mwezi kama dereva. Kumtetea mmoja kulionekana kama kumtosa mwingine. Wapo walioniambia, "Nyamaza juu ya zile waya, tutafute njia nyingine." Lakini bila zile waya dereva hakuwa na utetezi wowote, na mama aliyekuwa amelala hospitali alistahili kujua kilichomvunja mguu.

Usiku wa kuamkia kikao niliwakalisha wote wawili nyumbani kwangu. Yule fundi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mzee, ni mimi. Asubuhi ile palikuwa na magari matano yakingoja, na majani yanaharibika mashambani. Niliomba swichi mpya stoo. Niliambiwa hakuna, na gari litoke." Nikamwuliza kama ana ushahidi. Akaenda kwake akarudi na kitabu chake cha maombi ya vipuri, kile chenye karatasi ya kaboni. Nakala ilikuwapo, na tarehe yake ilikuwa ile ile ya daftari la gari.

Aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini alikubali kusema mwenyewe kuliko kusemewa. Sisi nasi tukamwahidi kwamba chama kitasimama karibu na kiti chake pia.

NAMNA YA KUCHUNGUZA, HATUA KWA HATUA

Dereva anayekutana na gari lisiloamka asikimbilie kusema "stata imekufa" au "klachi imekwisha". Afuate utaratibu huu:

1. Tazama taa kwanza. Fungua ufunguo, washa taa kubwa, kisha jaribu kuwasha. Taa zikififia sana au kuzimika, shaka iko kwenye betri au vichwa vya betri. Ukisikia mlio mmoja mzito, "tak", na injini haizunguki, umeme wa kuamsha umekwisha kupita swichi ya klachi, hivyo shaka iko kwenye stata au kwenye nguvu ya betri. Lakini taa zikibaki na nguvu bila kubadilika, na stata kimya kabisa, basi umeme haufiki kwenye stata. Hapo ndipo swichi ya klachi inaposhukiwa, pamoja na fyuzi, rilei na swichi ya ufunguo. Katika magari yenye ufunguo wa siri ya kompyuta, angalia pia kama taa ya ufunguo inamulika bila kukoma. Gari lisipotambua ufunguo, klachi haina kosa.

2. Angalia kama pedeli inafika mwisho. Zulia lililojikunja, au chupa ya maji iliyoviringika chini ya pedeli, huweza kuizuia. Gari likiwaka pale tu unapokanyaga kwa nguvu sana, huenda swichi imelegea mahali pake na inahitaji kurekebishwa kwa nati yake, au kizibo kimeanza kulika.

3. Tazama kwa tochi. Fuata mkono wa pedeli mpaka juu. Tafuta swichi na soketi yake. Je, soketi imechomoka? Waya imekatika au imesuguliwa na chuma? Kizibo kipo? Inua zulia utafute vipande vya plastiki au mpira.

4. Bonyeza kwa kidole. Weka vigingi, funga breki ya mkono, tia nyutro, na hakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma ya gari. Mmoja abonyeze kitufe, mwingine azungushe ufunguo. Stata ikizunguka, swichi ni nzima na ubaya uko kwenye kizibo au mahali swichi ilipofungwa. Isipozunguka, endelea.

5. Pima kwa mita. Funga ufunguo, chomoa soketi, weka mita kwenye omu, gusa ncha mbili za swichi. Bonyeza na uachie mara kumi au zaidi. Swichi ya kuwashia kwa kawaida hufunga njia inapobonyezwa na mita husoma karibu na sifuri, na ikiachiwa njia hufunguka. Zipo swichi zinazofanya kinyume, hasa ile ya juu. Jambo kubwa ni hili: lazima kipimo kibadilike kila unapobonyeza. Kama hakibadiliki, au mara kinabadilika na mara hakibadiliki, swichi imekufa. Inayokufa kwa vipindi ndiyo inayowachosha watu, maana gereji inaamka na njiani inalala.

6. Tikisa waya. Mita ikiwa bado imeshikwa, tikisa waya karibu na soketi. Nyingi hukatikia ndani, na ganda la nje likabaki zima.

Swichi ikiwa nzima na waya zake nzima, basi ufuate umeme mbele zaidi, kwenye fyuzi na rilei. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mchoro wa gari hilo.

Jambo jingine la kusaidia: gari la gia za mkono linalokataa stata lakini likisukumwa linawaka na kwenda vizuri, mara nyingi linakuonyesha kwamba mafuta na injini ni vizima, na ugonjwa uko upande wa kuamsha. Dereva wetu aliliandika hilo bila kujua uzito wake.

SENSA NA MASHINE YA KUSOMA

Ikiwa gari lina sensa ya sumaku yenye waya tatu au zaidi, usizipime kwa taa ya majaribio na usiziunge kwa waya. Unaweza kuunguza kompyuta, ambayo bei yake ni mbali kabisa na bei ya sensa. Sensa hupimwa ikiwa imechomekwa: pana waya wa kuleta umeme, waya wa ardhi, na waya wa habari. Fundi hupima volti za waya wa habari huku pedeli ikishuka na kupanda. Zikibadilika, sensa inasema. Zisipobadilika wakati umeme na ardhi vipo, sensa imenyamaza.

Mashine ya kusoma kompyuta ya gari husaidia sana hapa. Husomwa katika soketi iliyo chini ya dashibodi. Huko Marekani soketi hiyo ililazimishwa kwa magari madogo tangu mwaka 1996. Ulaya ililazimisha kwa magari ya petroli kuanzia mwaka 2001 na ya dizeli kuanzia mwaka 2004. Namba P0704 inahusu njia ya swichi ya klachi. Lakini shikeni sana hapa, ndugu: namba hiyo inasema njia, haisemi swichi. Waya uliokatika huleta namba ile ile, na soketi yenye kutu vile vile. Fundi anayesoma namba na kubadilisha kifaa bila kupima amekisia tu, na mkisio huo unalipiwa na mtu. Afadhali atazame katika mashine kama neno la "imekanyagwa" na "haikukanyagwa" linabadilika wakati pedeli inapokwenda.

Swichi ya juu ikiharibika gari huwaka vizuri, ila utaona mambo mengine: injini inanguruma wakati wa kubadili gia ingawa mguu umetoka kwenye mafuta, gari linashtuka, mtambo wa kushika mwendo unakataa, na pengine taa ya injini inawaka.

Msichanganye hayo na klachi yenyewe. Injini ikinguruma mlimani bila gari kuongeza mwendo, na harufu ya kuungua ikatoka, hiyo ni sahani ya klachi inayoteleza. Gia zikikataa kuingia, hiyo ni klachi isiyoachia. Swichi haiwezi kuunguza sahani. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kuona dereva akiambiwa "umeua klachi" kwa sababu ya taa tu iliyowaka kwenye dashibodi.

KIKAO

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu mwingine aliyemchagua mwenyewe. Mkataba wa Shirika la Kazi la Kimataifa namba 158 wa mwaka 1982 nao unasema mtu asiachishwe kazi kwa mwenendo wake kabla hajapewa nafasi ya kujitetea. Tuliomba kikao kiendeshwe kwa Kiswahili, nacho kikaendeshwa kwa Kiswahili.

Tuliweka mezani daftari la gari, picha, bahasha yenye vile vipande vitatu, na nakala ya ombi la kipuri. Fundi wa gereji akasema mwenyewe alichofanya na sababu yake. Chumba kilinyamaza. Mkuu wa stoo aliitwa, naye akakiri kwamba ombi lilimfikia na halikupelekwa popote.

Hatukusema kwamba dereva hana kosa hata moja. Gari lililo ndani ya gia haliwashwi na mtu aliyesimama nje, swichi iwepo isiwepo. Yeye mwenyewe alilikubali hilo. Alikuwa ameizoea kinga mpaka akaiacha imfanyie kazi ya kukumbuka. Lakini kinga hiyo ilikuwa imeondolewa na hakuna mtu aliyemwambia. Mtu hawezi kuadhibiwa peke yake kwa ajali iliyotengenezwa na watu wanne na breki moja mbovu.

Kuhusu gharama za hospitali, tuliwakumbusha kwamba chini ya sheria ya fidia ya wafanyakazi ya Uganda, mtu akiumia kazini deni ni la mwajiri, hata kama pana uzembe wa mfanyakazi. Na Mkataba namba 95 wa mwaka 1949 hauruhusu mshahara kukatwa ila kwa kiasi na masharti yaliyowekwa na sheria, mapatano ya pamoja au uamuzi wa upatanishi. Barua ya meneja si mojawapo ya hayo.

Mwishowe dereva alirudishwa kazini na onyo la maandishi, na hakukatwa senti. Fundi alipewa onyo vile vile. Breki ya mkono ikatengenezwa wiki ile. Mama alilipiwa matibabu na fidia, ingawa fidia ilichukua miezi, na tulikwenda ofisini mara nyingi kuikumbusha. Hachumi tena kwenye miteremko. Amepewa kazi ya kuchambua majani katika banda, lakini siku za baridi mguu bado unamwuma. Sitaki mtu amalize kusoma habari hii akidhani kwamba sisi tulishinda. Hakuna aliyeshinda.

TUNAYOJIFUNZA

Dereva: andika kila ubovu katika daftari, kwa maneno kamili na tarehe, hata kama unaona ni kitu kidogo. Gari likitoka gereji, uliza kilichofanywa. "Limetengenezwa" si jibu. Kisha lijaribu mwenyewe: ukiwa umeketi ndani, nyutro, breki umekanyaga, mbele pakiwa wazi, zungusha ufunguo bila klachi. Likiwaka gari ambalo zamani halikuwaka hivyo, kinga imeondolewa. Usilitoe.

Fundi: usiunge dairekti swichi ya kinga. Ukilazimishwa, andika uliyelazimishwa naye, na utundike karatasi kwenye usukani. Nakala ya ombi la kipuri iweke kwako.

Mwakilishi wa tawi: ajali ikitokea, omba kwa maandishi kifaa kisiguswe. Omba daftari. Omba fundi asiye wa upande wowote. Piga picha kabla ya kufungua. Na mgogoro ukiwa na wanachama wawili pande mbili, usimchague mmoja gizani. Waite wote mezani, ukweli usemwe na mwenye nao.

Zile punje tatu za plastiki bado ziko ndani ya bahasha yake, katika kabati la ofisi ya tawi letu. Kila tunapofundisha wawakilishi wapya nazimwaga juu ya meza, nawauliza, "Hizi ni nini?" Mpaka leo hakuna aliyepata jibu mara ya kwanza. Wakikosa, nawaeleza habari ya yule mama.